Safari ya Daktari Bingwa: Mjadala kutoka Mpakani Tunduma

Katika hospitali za Tanzania daktari hupanda ngazi tatu. Ya kwanza ni ya daktari wa jumla, aliyesomea shahada ya udaktari kwa miaka 5 na kumaliza mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo wodini, kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ya pili ni ya daktari bingwa, aliyeongeza shahada ya uzamili katika fani moja kama upasuaji, uzazi au magonjwa ya watoto. Na ya tatu ni ya bingwa bobezi, ambaye ndani ya fani hiyo amejikita katika tawi jembamba zaidi, kama vile upasuaji wa moyo wa watoto. Feloshipu, jina ambalo madaktari wenyewe wamelizoea, ni kipindi cha mafunzo ya vitendo kinachomtoa daktari ngazi ya pili na kumfikisha ya tatu, aghalabu kwa mwaka 1 au 2, chini ya macho ya waliomtangulia, na kwa kuwa matawi mengi ya aina hiyo bado hayafundishwi nchini, kipindi hicho mara nyingi humpeleka mhusika India, Uingereza, Israel au Marekani.

Mkoa wa Songwe unalitazama jambo hili kutoka mahali pake. Ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakawekwa Vwawa, na sensa ya 2022 iliwakuta humo watu zaidi ya 1,300,000. Mji wake wa Tunduma umekaa pale ambapo barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA huvuka mpaka kuingia Nakonde, mahali ambapo foleni ya malori haiishi na ambapo majeruhi wa barabarani, wakiwamo wanaookotwa katika mteremko wa Senjele wilayani Mbozi, hufika hospitalini usiku na mchana. Mgonjwa aliyeshindikana hapo hupewa rufaa kwenda Vwawa, na akizidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka mpakani. Daktari wa mkoa wa aina hiyo anapoomba kwenda ng'ambo, ombi lake linagusa zamu za wenzake, bajeti ya mwajiri wake na roho za watu asiowajua, na wenzake na watu hao hawaulizwi. Sauti zinazofuata si za watu maalumu bali ni misimamo minne iliyopewa vinywa: Mtetezi wa safari, Mpinzani wake, Mwajiri na Mkunga.

MTETEZI: Zipo kazi ambazo mkono hauzijui mpaka uzifanye mara nyingi mbele ya jicho linalozijua, na hospitali ambayo haijawahi kuzifanya haina wa kumfundisha yeyote. Kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijaanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2015, familia nyingi zenye mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo zilisubiri nafasi ya kumpeleka nje ya nchi; leo wapo Watanzania wanaoifanya kazi hiyo nyumbani, na mmoja wao, Daktari Godwin Sharau, aliupata ujuzi huo nchini Israel, katika hospitali ya Wolfson mjini Holon, kwa mpango wa shirika la Save a Child's Heart. Anayetaka madaktari wasiende na aeleze kwanza mtoto wa Ileje, humu mkoani Songwe, mwenye ugonjwa huo angetibiwa na nani.

MPINZANI: Mfano huo, ndugu Mtetezi, unathibitisha nusu ya hoja. Upasuaji wa moyo unahitaji taasisi nzima nyuma ya mpasuaji mmoja, na taasisi hiyo iko Dar es Salaam. Tunduma inahitaji kwanza mtu wa kumpasua mama mwenye uzazi pingamizi saa tisa za usiku, wa kuzuia damu ya majeruhi, na wa kumlaza mgonjwa usingizi kisha akaamka salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma uliwalinganisha madaktari wasaidizi, yaani watumishi waliopanda kutoka utabibu bila kupitia shahada ya udaktari, na madaktari wenye shahada hiyo katika upasuaji wa dharura wa uzazi, na haukuona tofauti ya maana katika hali ya wagonjwa baada ya upasuaji. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, Dilan Ellegala, aliyefika huko mwaka 2006, aliamua kumfundisha kazi hiyo papo hapo daktari msaidizi, Emmanuel Mayegga. Idara ya magonjwa ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, walimu wakaja kutoka nje, mafunzo ya ubingwa yakaanzishwa mle mle, na wahitimu wa kwanza wakapatikana mwaka 2013. Katika mifano hii mwalimu ndiye aliyepanda ndege, na mgonjwa hakupungukiwa na daktari hata siku moja.

Hoja hiyo ina uzito ambao watetezi wa feloshipu huupita haraka mno. Jambo la Muhimbili hasa linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu fani iliyojengwa pale, ya kumpokea mgonjwa mahututi na kumtuliza kabla sababu ya ugonjwa haijajulikana, ndiyo fani ambayo mji wa mpakani wenye malori mengi unaihitaji kuliko nyingine yoyote. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kimekwenda njia hiyo hiyo: mwanafunzi wake hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyokubaliwa ndani ya nchi yake au ya jirani, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa eneo zima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia wapasuaji waliohitimu katika nchi za eneo hilo kati ya 1974 na 2013, ulikuta kwamba takriban asilimia 85 kati yao walikuwa bado wanafanya kazi katika nchi walikosomea. Takwimu hiyo hutajwa mara kwa mara kuwatuliza wanaohofia kwamba bingwa akipatikana hukimbia, na ni haki itajwe. Lakini wapasuaji hao walisomea nyumbani au karibu na nyumbani, kwa hiyo takwimu hiyo haisemi lolote juu ya mtu aliyekaa miaka 2 London akazoea vifaa ambavyo Vwawa haina.

MTETEZI: Hilo linakubalika, na ndiyo maana njia si moja. Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha mjini Munich tangu miaka ya 1990, na katika masomo yake ya uzamivu mwanafunzi huenda Ujerumani kwa vipindi vya darasani kisha hurudi kufanya utafiti wake nchini mwake. Mpangilio huo haumtoi mtu kazini kwa miaka mfululizo.

MPINZANI: Hayo ni masomo ya utafiti. Mpasuaji hawezi kujifunza kuunga mshipa wa damu kwa vipindi vya darasani.

MTETEZI: Hawezi, na kwa sababu hiyo hiyo anahitaji nchi itakayomruhusu kumgusa mgonjwa. Jambo hili huwaponza wengi, maana barua ya mwaliko inaweza kuitwa feloshipu ilhali ndani yake kuna nafasi ya utazamaji tu, ambapo daktari husimama pembeni ya meza ya upasuaji na haruhusiwi kushika kisu, kuandika dawa wala kuingiza maelezo katika faili. Marekani, kwa mfano, haimruhusu daktari wa nje kutibu mpaka apite mitihani yake ya leseni na vyeti vyake vihakikiwe. Wiki 6 za utazamaji zinaweza kumfaa bingwa anayekwenda kuona jinsi idara inavyopangwa, lakini mwaka mzima wa kutazama ni hasara kwa mtu ambaye wagonjwa wake wamebaki peke yao. Swali la kwanza la kumwandikia mwenyeji, kabla ya kuuliza posho, liwe hili: je, leseni itatolewa, na daktari atafanya upasuaji mara ngapi kwa mkono wake?

MWAJIRI: Kabla ya kumwandikia mwenyeji, daktari hana budi kumwandikia mwajiri. Ruhusa ya masomo ni jambo la kiutumishi: mhusika awe amethibitishwa kazini, fani anayoiendea iwe katika mpango wa mafunzo wa mwajiri, ombi lipitie kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri hadi kwa Mkurugenzi, na safari ya nje ipate kibali cha ngazi za juu za serikali. Daktari wa hospitali ya mji wa Tunduma yuko chini ya halmashauri, na kwa njia hiyo chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ilhali mwenzake wa hospitali ya rufaa ya mkoa pale Vwawa yuko chini ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo madaktari wawili wa mkoa mmoja, wenye ombi moja, hupita milango tofauti. Tena aliyepewa ruhusa huendelea kuhesabiwa katika ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi ambazo hospitali imeidhinishiwa, na mshahara wake huendelea kulipwa. Nafasi ambayo kwenye karatasi imejaa haiajiriwi mtu mwingine, hata kama chumba chake kimefungwa kwa miaka 2.

Maelezo hayo ya Mwajiri yana ukweli mchungu kuliko yote katika mjadala huu, kwa maana yanaonyesha kwamba gharama kubwa ya feloshipu haimo katika tiketi ya ndege. Imo katika zamu.

MTETEZI: Basi safari na ipangwe mapema, maana mlolongo wa hati hauna huruma na anayekaa mbali. Tuchukue njia ya Uingereza, ambako upo mpango wa mafunzo kwa madaktari wa nje usiozidi miezi 24, ambapo daktari hufanya kazi kwa malipo akijifunza, kisha hurudi kwao. Baraza la madaktari la huko hudai alama 7.5 kwa jumla katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, bila kushuka chini ya 7.0 katika sehemu yoyote, na matokeo hayo hutumika kwa miaka 2 tu. Shahada huhakikiwa kutoka kwenye chuo chenyewe kupitia taasisi ya Marekani iitwayo ECFMG, na majibu hutegemea kasi ya chuo. Hati ya sifa njema ya kitaaluma, ambayo Baraza la Madaktari Tanganyika hutoa kuthibitisha kwamba mhusika hana shauri la nidhamu, hupokelewa ikiwa haijapita miezi 3. Cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachodaiwa kwa Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, hudumu miezi 6. Anayekimbilia kwanza hati ya sifa njema kwa kuwa ni rahisi kuipata hujikuta imekufa mkononi kabla uhakiki wa shahada haujajibiwa, na kila marudio ni safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, kwa basi au kwa ndege ya kutoka uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina lake uko mkoani Mbeya. Kwa hiyo utaratibu mwema ni huu: mtihani wa lugha na uhakiki wa shahada vitangulie, vifuate barua ya mwenyeji na ruhusa ya mwajiri, kisha hati zenye umri mfupi zichukuliwe mwishoni kwa safari moja.

MPINZANI: Na anayekwenda Marekani kwa viza ya mafunzo ya madaktari ajue kwamba serikali ya huko hudai barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake ikieleza kuwa nchi hiyo inauhitaji utaalamu anaokwenda kuusomea, na kwamba akimaliza atatakiwa kukaa kwao miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Zipo njia za kusamehewa sharti hilo, na hasa kwa daktari anayekubali kwenda kutibu katika maeneo ya Marekani yenye upungufu wa madaktari. Mkoa unaokosa daktari nao una upungufu, lakini hauna viza ya kutoa.

Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za maadili kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zinazopaswa kulindwa dhidi ya uajiri wa kuwawinda watumishi wao inazitaja Tanzania na Zambia, yaani pande zote mbili za mpaka wa Tunduma. Kanuni hizo hazimfungi daktari anayeomba mwenyewe, na si haki zimfunge; mtu aliyezaliwa Momba hana deni la kubaki alipo kuliko aliyezaliwa Manchester. Zinachodai ni kwamba nchi tajiri zisipeleke mawakala kuchota pale palipo pakavu, na kwamba mafunzo yapangwe kwa makubaliano yanayozifaa pande zote mbili.

MKUNGA: Wazee wa mkutano wamehesabu hati za daktari, na hakuna aliyehesabu nyumba yake. Uingereza hutoza ada ya huduma za afya kwa wageni, na kwa viwango vilivyoanza Februari 2024 kila mtu mzima hulipiwa pauni 1,035 kwa mwaka na kila mtoto pauni 776, zote kwa mkupuo kabla ya viza kutolewa. Baba, mama na watoto wawili kwa miaka 2 ni pauni 7,244 kabla hata godoro halijanunuliwa. Mtumishi wa afya anaweza kuomba kurejeshewa fedha hizo baada ya kufanya kazi kwa miezi 6, lakini hawezi kuomba kurejeshewa fedha ambazo hakuwa nazo za kuanzia. Mwenza wake huenda ni mwalimu Mbozi, naye ana mwajiri wake na ruhusa yake ya kuomba. Makato ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yanaendelea kukatwa nyumbani, na wazazi wanaomtegemea hawaachi kula kwa sababu mtoto wao yuko masomoni.

MTETEZI: Wengi huenda peke yao, Mama Mkunga.

MKUNGA: Huenda peke yao, na miaka 2 ni mingi kwa mtoto wa darasa la kwanza. Ni heri familia iambiwe ukweli huo mapema, ikae, ikubaliane, kuliko daktari kuondoka kwa ahadi ya kuwafuata baadaye wakati hesabu zenyewe hajazipiga. Lakini swali la wodini ni jingine. Siku daktari huyo atakapopanda basi, nani atashika zamu yake ya usiku?

MWAJIRI: Zamu hugawanywa kwa waliobaki.

MKUNGA: Waliobaki ndio hao hao ambao tayari wanalala hospitalini, ndugu Mwajiri. Mama anayetoka Kamsamba, wilayani Momba, na mtoto aliyekaa vibaya tumboni hatauliza kama ruhusa ilifuata utaratibu.

Hapa mjadala ulifika mahali ambapo kwa kawaida huachwa, yaani penye swali la nani abebe mzigo, na Mtetezi anastahili sifa kwa kutolikwepa. Alipendekeza kwamba ruhusa ya kwenda ng'ambo isitiwe saini mpaka hospitali ya kanda au ya mkoa ikubali kwa maandishi kumtoa daktari wa kuziba pengo kwa siku zinazotajwa. Alitaja kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia, ambazo tangu mwaka 2024 zimekuwa zikiwapeleka mabingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku kadhaa, kuwa ushahidi kwamba serikali inaweza kumhamisha bingwa kwa muda pale inapotaka. Mpinzani alijibu, na hapana budi kukubali kwamba alijibu vyema, kuwa kambi ya siku chache haizibi miaka 2. Inachoonyesha ni kwamba nauli na posho ya bingwa anayezunguka zinapatikana, kwa hiyo kinachokosekana ni ratiba ya kudumu kati ya Mbeya, Vwawa na Tunduma.

MWAJIRI: Ratiba inaweza kuandikwa. Kisichowezekana ni kumwahidi daktari kwamba atarudi Tunduma akiwa bobezi, kwa sababu ikama ya hospitali ya halmashauri haikupangiwa bobezi. Akirudi, atahamishiwa kanda au taifa, na mkoa uliomvumilia utapata barua ya shukrani.

MPINZANI: Basi hapo ndipo ilipo hoja yangu yote, na Mwajiri ameisema kwa ufasaha zaidi.

Hata hivyo hitimisho hilo halilazimiki. Kama bobezi hana nafasi Tunduma, bado lipo swali la ni ubobezi upi unaoweza kukaa Mbeya au Vwawa na kuifikia Tunduma kwa simu, kwa rufaa na kwa ziara za kila mwezi. Upasuaji wa majeruhi, uangalizi wa wagonjwa mahututi, usingizi na ganzi, na tiba ya watoto wachanga ni matawi ya namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla mgonjwa hajapandishwa gari la wagonjwa, na anayeifanya ni tabibu au muuguzi aliyefundishwa na bobezi huyo. Mkoa wenye akili ungeanza na orodha ya rufaa zake za mwaka mzima, ukatazama ni zipi zilizopoteza watu njiani, kisha ukamtafuta daktari wa kupeleka kwa ajili ya hizo, badala ya kusubiri daktari aje na barua ya mwaliko aliyoipata kwa juhudi zake. Juhudi hizo ni za kuheshimiwa. Ila zinapoachwa peke yake, ni hospitali za ng'ambo ndizo zinazoamua Songwe iwe na mabingwa gani.

MKUNGA: Hilo likikubaliwa, liongezwe moja. Mpango ule wa Israel uliosifiwa mwanzoni haukumfundisha mpasuaji peke yake. Ulifundisha pia madaktari wa moyo, wataalamu wa usingizi na wauguzi, ndiyo maana alipo mpasuaji ipo na timu. Bobezi wa majeruhi akirudi akakuta mashine ya usingizi haina wa kuiendesha, atafanya nini na mikono yake? Mkataba uandikwe kabla hajaondoka, utaje vifaa atakavyovikuta, utaje na muuguzi na mtaalamu wa usingizi watakaokwenda mafunzo, hata kama ni ya miezi 3 pale Mbeya au Muhimbili, ili siku atakayorudi wawe wanamsubiri.

MWAJIRI: Mikataba ya masomo iliyopo humfunga mtumishi kurudi na kutumikia kwa miaka kadhaa. Haimfungi mwajiri kununua kitu.

MKUNGA: Ndiyo sababu inaombwa mingine.

Mwajiri hakukataa. Alieleza kwamba kifungu cha vifaa hakiwezi kuahidiwa na halmashauri peke yake, kwa kuwa mashine za thamani hiyo hupitia bajeti ya wizara na manunuzi yake hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai. Na kwamba kama daktari anatarajiwa kuondoka mwezi Septemba kwa miaka 2, basi ombi la vifaa vyake halina budi kuingia katika makisio ya bajeti anapokuwa bado yuko masomoni, likiandikwa na mtu aliyebaki. Mtetezi alitaka mtu huyo atajwe kwa cheo ndani ya mkataba wenyewe. Mpinzani, kwa mara ya kwanza katika mjadala mzima, aliunga mkono, kwa sharti kwamba nakala ya mkataba ikae pia kwa muuguzi mfawidhi wa wodi, ambaye ndiye atakayejua kabla ya ofisi yoyote kama mashine imefika au haikufika.